Kama Huwezi Kumpa Mgonjwa Wako, Usimuuzie Mtu

Leo sigusi mbegu mpya wala bei ya mbolea. Nataka tuongelee sufuria ya mgonjwa.

Nikikaa na vikundi vya vijana, iwe Mabwepande au Chamazi, nikiuliza soko liko wapi napata majibu yale yale: hoteli, wauza chipsi, harusi, supamaketi. Hakuna anayetaja nyumba ambayo mtoto ameamka na homa. Hakuna anayemtaja mama aliyejifungua juzi, wala kijana wa chumba kimoja aliyepunguzwa kazini ambaye siku ya tatu hii hana hamu ya kula. Nyumba hizo zipo kila mtaa, masika na kiangazi, na zote zinapika. Zinapika uji, mtori, supu ya kuku, ndizi za nazi, mlenda, chai ya tangawizi na mchaichai. Vyote hivyo vinatoka shambani, na vingi vinaweza kutoka kwako.

Msimamo wangu ni huu. Kijana anayefuga na kulima kibiashara pembezoni mwa Dar aipime bidhaa yake kwa kipimo kimoja kabla haijatoka getini: je, ningempa mama yangu akiwa kitandani? Kama jibu ni hapana, bidhaa hiyo bado haijafika siku ya kuuzwa. Najua wengine mtasema huo ni ulokole. Nisomeni mpaka mwisho, kuna hesabu pia.

Dar ikiugua inakula nini?

Jiji hili ni la watu waliotoka kila mkoa, na mtu akiugua au akikata tamaa anarudi kwenye chakula cha kwao. Akiwa mzima anakula chipsi mayai kama wenzake. Akiwa na homa anaulizia mtori.

Mtori ni wa Wachaga: ndizi mbichi na nyama ya ng'ombe, vinachemshwa hadi vilainike kisha vinapondwa viwe uji mzito. Kwao ndicho chakula cha mzazi, na hapa mjini umekuwa wa kila mtu. Ndizi inayosifiwa kwa mtori ni mshale, na pale Mabibo, kwenye mahakama ya ndizi, mnunuzi anayejua anaitaja kwa jina. Watu wa Pwani wana uji wa mchele wa nazi, na mzazi anapikiwa uji wa pilipili manga. Mgogo atataka mlenda, nao unateleza kooni hata kama mdomo una vidonda. Mbagala na Temeke kuna familia nyingi zenye asili ya Mtwara na Lindi, na huko mihogo na kisamvu cha nazi ndicho chakula kinachomrudisha mtu nyumbani. Msukuma anakumbuka uji wa ulezi au wa mtama.

Halafu kuna vile ambavyo havina kabila. Supu ya kuku wa kienyeji yenye tangawizi na ndimu. Papai lililoiva vizuri, maana mgonjwa hahangaiki kulitafuna. Dafu. Ukipita nje ya hospitali yoyote kubwa ya jiji hili asubuhi na mapema, utawakuta kina mama wenye machupa ya uji na mahotipoti ya mtori na supu, na wateja wao hawana muda wa kubishana bei.

Angalia vitu viwili hapo. Kwanza, mahitaji haya hayafuati msimu wa harusi wala mwisho wa mwezi. Pili, anayekula ndiye mwenye mwili dhaifu kuliko wote nyumbani: mtoto mdogo, mzee, mjamzito, mtu anayetoka kwenye upasuaji. Uchafu ambao mtu mzima angeupita bila kuhisi, huyu utamlaza. Kwa hiyo soko ni zuri, na masharti yake ni magumu. Vijana wengi wanaona soko tu.

Somo la 2020

Mnakumbuka mwaka 2020. Mgonjwa wa kwanza wa korona alitangazwa nchini Machi 16, na muda si mrefu kila mtu akawa anatafuta tangawizi, malimao, ndimu na vitunguu saumu. Watu walikuwa wanajifukiza asubuhi na jioni. Hata Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, ilikuja na kinywaji chake cha NIMRCAF kilichotumia viungo vya jikoni kama tangawizi na malimao. Bei sokoni zilipaa.

Faida aliipata nani? Mkulima ambaye tangawizi yake ilikuwa tayari ardhini, kama wale wa Mamba Miamba kule Same, ambao wamekuwa kwenye zao hilo miaka mingi. Tangawizi inakaa ardhini miezi minane hadi kumi. Aliyekimbilia kupanda baada ya kuona bei alikuwa anapandia soko la mwaka unaofuata bila kujua litakuwaje. Mti wa ndimu wa kubebeshwa nao unataka miaka miwili au mitatu kabla hujauona mfuko wako unanenepa.

Kwa hiyo msisubiri mlipuko wa ugonjwa ndipo mkimbilie mbegu. Soko la mlipuko linakuja na kuondoka kwa hofu. Soko la uji wa kila asubuhi halina kelele, lakini lipo hata leo unaposoma hapa.

Kuku wa supu na siku za dawa

Naanza na kuku kwa sababu ndipo penye tatizo kubwa zaidi, na sote tunalijua ila hatulisemi.

Vijana wengi wa Bunju, Madale, Toangoma na Chamazi wanafuga broila au chotara. Broila anauzwa kati ya siku ya 35 na ya 42. Sasa tuseme siku ya 29 banda linaanza kukohoa. Unakimbilia duka la mifugo, unapewa antibayotiki, iwe oxytetracycline, tylosin au enrofloxacin, unawawekea kwenye maji siku tatu hadi tano. Kuku wanapata nafuu. Siku ya 36 mchuuzi anapiga simu, anataka kuku 200. Unauza.

Kila dawa ya mifugo ina kipindi cha kusubiri, yaani idadi ya siku kati ya dozi ya mwisho na siku ya kuchinja au kuuza mayai. Kimeandikwa kwenye pakiti. Zipo dawa za siku chache, zipo za wiki moja, zipo za wiki mbili. Ndani ya siku hizo dawa bado ipo kwenye nyama, maini na figo, na baadhi ya dawa zinaingia kwenye yai. Kuchemsha supu hakuondoi mabaki yote. Kwa hiyo mama anayempikia mwanawe mgonjwa supu ya kuku huyo anamnywesha antibayotiki ambayo daktari hakuiandika, kwa kiasi ambacho hakuna anayekijua. Mtoto mwenye mzio anaweza kupata madhara. Na kwa kuku mwenyewe, dawa zinazotolewa ovyo zinawafundisha vijidudu usugu bandani, vijidudu hivyo vinatoka na kuku hadi jikoni, na siku mtu akihitaji dawa ile ile hospitalini isimsaidie. Dawa nyingi tunazowapa kuku ni ndugu wa dawa za binadamu.

Hapo mtaniambia, "Afisa, kusubiri ni hasara." Haya, tufanye hesabu. Broila wa umri huo anakula takriban gramu 160 kwa siku. Kuku 200 ni kilo 32 kwa siku. Ukisubiri siku tano zaidi, ni kilo 160 za chakula, mifuko mitatu na kitu ya kilo 50. Hiyo ndiyo gharama yako, na sisemi ni ndogo. Lakini kuku hasimami kukua siku hizo tano, anaongeza uzito. Ukiuza kwa kilo, sehemu nzuri ya pesa inarudi. Ukiuza kwa kichwa, mweleze mchuuzi kwamba kuku ni wakubwa zaidi na ujadiliane bei.

Njia nafuu zaidi ni kutofika kwenye antibayotiki kabisa. Chanjo ya kideri siku ya 7, gumboro siku ya 14, kideri tena siku ya 21, na kwa kuku wanaokaa zaidi ufuate ratiba ya mtaalamu wako. Chanjo ya kideri tunatengeneza wenyewe hapo Kibaha, kwa Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania (TVLA). Kideri ni ugonjwa wa virusi, hakuna antibayotiki inayoutibu, kwa hiyo wale wanaomwaga dawa kwenye maji kila kuku wakizubaa wanatupa pesa. Badilisha maranda yaliyolowa, punguza msongamano, acha hewa ipite. Banda lenye harufu ya amonia inayokuchoma macho limeshaanza kukuandalia bili ya dawa.

Chukua kadi ngumu, itundike mlangoni mwa banda. Andika jina la dawa, tarehe ya dozi ya mwisho, na tarehe ya kwanza ya kuuza. Mchuuzi akija kabla ya hapo, mwonyeshe kadi. Ni kitu cha shilingi mia chache.

Mchicha na maji yake

Mchicha ni mali ya Dar. Wiki tatu hadi nne unavuna, ndiyo maana mabonde yetu yote yamejaa matuta, kuanzia Mto Tegeta mpaka Kizinga na Mzinga kule Temeke. Daktari akimwambia mama damu ni ndogo, majani haya ndiyo ya kwanza kununuliwa: mchicha, matembele, majani ya maboga, kisamvu.

Shida ni mbili. Ya kwanza ni dawa ya wadudu. Zao linalokaa shambani siku 25 halina nafasi ya kupuliziwa juzi na kuvunwa leo. Kama lebo inasema subiri siku saba, na wewe umepuliza siku ya 21, basi mavuno ni siku ya 28 au zaidi. Kama hesabu hiyo haikubaliki, maana yake umechagua dawa isiyofaa kwa zao hilo. Tafuta iliyosajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania (TPHPA) yenye siku chache za kusubiri, au tumia neti na usafi wa shamba kwanza. Na dawa ya pamba haina kazi kwenye mchicha. Nikiikuta kopo lake tutasemezana.

Ya pili ni maji. Watafiti wamepima mara nyingi maji, udongo na mboga za bonde la Msimbazi, na wamekuta metali nzito kama risasi kwa viwango vya kutia wasiwasi. Metali hizo haziondoki kwa kuosha, maana ziko ndani ya jani. Maji ya kinyesi nayo yanaleta vimelea vya kuhara na kipindupindu, na hapo kuosha na kupika vizuri kunasaidia, ila jani linaloliwa bichi halina mlinzi. Kama shamba lako liko chini ya karakana, kiwanda au mfereji wa maji taka, jibu langu ni fupi: hapo panda maua au miche ya miti ya kivuli, mboga zihamie kwenye maji ya kisima yaliyopimwa. Najua ardhi ya Dar ilivyo ghali, na najua wengine mmekodi. Lakini anayekula majani hayo hakuombwa ruhusa.

Unga wa uji: sifa nyingi, kinga kidogo

Sasa tuje kwenye unga wa lishe, biashara inayopendwa sana na vijana na kina mama. Pakiti nzuri, picha ya mtoto mnene, na orodha ya viambato kumi na mbili: mahindi, ulezi, mtama, ngano, mchele, soya, karanga, ufuta, mbegu za maboga, na kadhalika.

Maoni yangu ni kwamba orodha ndefu ni ya kuuzia tu. Kila kiambato unachoongeza ni mlango mwingine wa ukungu. Karanga na mahindi ndiyo yanayoongoza kwa sumukuvu. Mwaka 2016, sumukuvu iliwaugua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara, na karibu 20 walifariki. Chanzo kilikuwa mahindi ya kawaida, ya nyumbani, yale yale ya ugali na uji. Sumukuvu haionekani kwa macho, haina harufu ya kukutahadharisha na haiuawi na moto wa jikoni. Inaharibu ini, na kwa mtoto inahusishwa na udumavu. Kiwango cha juu kinachoruhusiwa kwenye mahindi Afrika Mashariki ni mikrogramu 10 za jumla kwa kilo moja. Hicho huwezi kukipima kwa ulimi.

Isitoshe, karanga zikisagwa pamoja na nafaka mafuta yake yanachacha haraka, na soya isiyokaangwa au kuchemshwa vizuri inavuruga tumbo. Kwa mtu anayeharisha, umemwongezea.

Ningependa kijana auze unga wa vitu viwili au vitatu anavyovijua vilikotoka. Nafaka ikauke hadi unyevu wa asilimia 13 au chini. Kama huna kipimo, tumia chumvi: weka punje kidogo na chumvi kavu kwenye chupa kavu ya kioo, tikisa dakika chache, uiache itulie. Chumvi ikiganda kwenye kioo, nafaka bado mbichi. Anika juu ya turubai au kichanja, kamwe usianike ardhini. Chambua punje zilizovunjika na zilizobadilika rangi, na usiwape kuku hizo taka, maana zitakurudia. Hifadhi kwenye mifuko ya kinga njaa. Karanga ziuze peke yake, zikiwa nzima na zimechambuliwa, mama mwenyewe atazisaga siku ya kupika. Na kabla ya kuandika jina lako kwenye pakiti, pita SIDO upate mafunzo ya usindikaji, kisha TBS. Tangu 2019 usajili wa vyakula uko TBS.

Kuna kitu kimoja ambacho sielewi kwa nini vijana mmekiacha: kimea. Bibi zetu walikijua. Mgonjwa anakula vijiko vichache tu. Uji mzito unamshinda, uji mwepesi ni maji matupu. Kimea kinatatua hilo, kwa sababu ulezi uliochipua una vimeng'enya vinavyovunja wanga, hivyo uji mzito unakuwa mwepesi kunyweka bila kuongeza maji, na nguvu yake inabaki pale pale.

Namna yake: loweka ulezi safi usiku mmoja, chuja, funika kwa kitambaa kibichi siku mbili hadi tatu mpaka utoe vimizizi. Ukiona ukungu wowote, tupa vyote. Anika vizuri mahali safi, pikicha uondoe vimizizi, saga. Pika uji mzito, uepue, uache upoe kiasi cha kuuonja bila kuungua, tia kijiko cha unga wa kimea, koroga na subiri dakika chache. Utauona unalegea. Urudishe motoni uchemke kidogo ili kuua vijidudu, kisha kamulia ndimu. Ndimu ina vitamini C inayosaidia mwili kuchukua madini ya chuma yaliyomo kwenye nafaka. Usitie kimea kwenye uji unaotokota, moto unaviua vimeng'enya na hutaona badiliko lolote.

Pakiti ndogo ya kimea, yenye maelezo hayo kwa Kiswahili, ni bidhaa kamili. Sijaona ushindani mkubwa mtaani.

Cha kupanda kwenye kieneo kidogo

Kwa udongo wetu wa kichanga na joto letu, usikimbizane na mshale, waachie watu wa Kilimanjaro, Arusha na Rungwe. Tangawizi nayo inataka udongo wenye rutuba, kivuli na unyevu, Morogoro kule Matombo wanaiweza zaidi. Hapa kwetu fikiria hivi:

Mchaichai. Gawa shina, panda sentimita 60 kwa 60, weka samadi. Miezi mitatu hadi minne unaanza kukata, na unaendelea kukata. Hauna wadudu wengi wa kukusumbua.

Bamia. Ndani ya miezi miwili unachuma, na unachuma kila baada ya siku mbili. Wapika mlenda wa Dodoma na Singida wako hapa hapa mtaani kwako.

Papai. Miezi minane hadi kumi linaanza kukupa. Halipendi maji yaliyotuama, kwa hiyo bondeni hapana.

Viazi lishe vya rangi ya chungwa, kama Kabode, Mataya na Kiegea. Miezi minne hivi. Vikichemshwa na kupondwa ni laini kwa mgonjwa na mtoto, na vina kiini cha vitamini A. Ulizia marando safi kwa TARI Kibaha.

Ndizi bokoboko. Ni za Pwani, zinavumilia, na kwa ndizi za nazi hakuna anayelalamika.

Minazi mifupi kwa wenye eneo na subira. Ushauri wa mnazi uko TARI Mikocheni, ndani ya Kinondoni.

"Mteja haulizi, afisa"

Hili ndilo pingamizi ninalolisikia zaidi, na halina upuuzi ndani yake. Kuku aliyesubiriwa na kuku aliyeuzwa na dawa mwilini wanauzwa bei moja pale Tandika. Mchicha wa kisima na wa mfereji unafungwa fungu moja. Sasa kwa nini nihangaike?

Jibu langu la kwanza ni la biashara. Mtu mwenye mgonjwa ndani habahatishi. Anamtafuta muuzaji anayemjua, anauliza jirani, anapiga simu. Huyo ndiye mteja wako, na humpati kwenye jumla, unampata mtaani: zahanati, kina mama wanaouza uji na mtori, familia zenye wazee, vikundi vya kanisani na msikitini. Anza na kuku 20 kati ya 200. Wauze moja kwa moja, waonyeshe kadi ya banda, toa namba yako. Mama mtori mmoja aliyekuamini anakuletea oda kila wiki, wakati mchuuzi anakuja siku anayotaka yeye.

Jibu la pili halina pesa ndani yake. Kuna kazi chache hapa mjini ambazo zinaingia moja kwa moja kwenye kinywa cha mtu asiye na nguvu za kukataa. Yako ni mojawapo. Sheria zipo na wakaguzi wapo, ila hakuna mkaguzi atakayelala bandani kwako. Usiku ule mchuuzi anapopiga simu uko peke yako na kadi yako.

Na sufuria yako wewe?

Nimalizie na afya yenu, maana naona mnavyoishi. Mfugaji anauza jogoo wote wazuri, akiugua anakunywa soda na dawa ya maumivu, kesho yake yuko shambani. Hilo ni shamba lisilo na msimamizi. Acha kuku wawili wa nyumbani, tuta moja la mboga, mchaichai kona ya uzio. Siku ambayo bei imekuangusha au vifaranga vimekufa na umejifungia ndani, kubali jirani akuletee uji, na unywe. Kula na watu kunasaidia zaidi ya tunavyokiri sisi wanaume.

Lakini chakula kina mipaka yake. Homa ni ya kupima, supu haitibu malaria. Mtoto anayeharisha apewe ORS na zinki na apelekwe kituoni, uji uje pembeni. Mwenye kisukari asijaziwe sukari kwenye uji kwa sababu tu "anahitaji nguvu".

Na hili mlishike kabisa: maziwa hayakati sumu. Najua wengi mkishapuliza dawa mnakunywa maziwa mkiamini yanasafisha. Hayasafishi, na kwa baadhi ya sumu mafuta ya maziwa yanaweza kusaidia sumu kuingia mwilini. Ukisikia kichefuchefu, mate na jasho jingi, macho kuona ukungu au misuli kutetemeka baada ya kupuliza, vua nguo zile, oga kwa sabuni na maji mengi, nenda hospitali haraka, na ubebe kopo la dawa au lebo yake ili daktari ajue anatibu nini. Kinga ni glovu, barakoa, buti, na kutopuliza dhidi ya upepo.

Kazi ya wiki hii ni moja: kadi kwenye mlango wa banda na daftari la dawa kwenye shamba la mboga, lenye tarehe ya kupuliza na tarehe ya kuvuna. Ukikwama kwenye hesabu za siku, mtafute afisa ugani wa kata yako au daktari wa mifugo, ndiyo kazi yetu. Ukiwa na uhakika na tarehe zako, uza bila woga, na umwambie mteja kwa nini.

Kazi njema, na wagonjwa wenu wote wapone.